Fomu Niliyowafundisha Mawakili

Mbinga, Jumatano alasiri

Gaudensi mwanangu,

Nilikusikia jana. Nilikuwa nimefika koridoni tu, na ile nyumba baba yako aliijenga kwa kuta nyembamba. Ulimwambia, "Mama ana wivu, baba. Mimi nimekubaliwa mara ya kwanza, yeye walimkataa mara mbili." Baba yako akakwambia unyamaze. Hakukwambia kwamba umekosea.

Si wivu. Ulisimama mezani ukatusomea pendekezo lako la semina, baba yako ameacha kula kabisa anakutazama wewe, na ulipofika mwisho ukasema kwa furaha, "Na kiambatanisho ni fomu ya mama." Ndipo nikasema maharage hayana chumvi, nikainuka. Maharage yalikuwa na chumvi. Nilikuwa na hasira, na mpaka sasa ninayo, na naandika kwa sababu nikiitoa kwa mdomo itawaangukia wasiohusika.

Umekwenda Litembo kumuaga shangazi yako, basi lako ni kesho asubuhi, na begi lako umelifunga tangu juzi kana kwamba tunaweza kughairi. Kuhusu begi sina neno. Una miaka ishirini na saba, umeapishwa, unakwenda kufanya kazi ofisi ya watu Dodoma. Utakula nini na utalala wapi utajijua. Mimi nataka kukueleza habari za ile fomu, na naomba uisome barua hii yote kabla hujamuuliza baba yako kama mama ni mzima.

Wewe uwakili umeukuta na mafunzo yake. Kila mwaka lazima uchume pointi zako, ukizikosa leseni inaleta maneno, na siku hizi unazichuma ukiwa sebuleni, simu mkononi. Sisi wa kusini zetu tulizifuata Songea. Mtu anasaini daftari la mahudhurio asubuhi, anakunywa chai, anatoka kwenda kwenye kesi zake, anarudi harufu ya nyama ikianza kupita mlangoni. Mimi nilikaa mpaka mwisho kila mara. Nilikuwa mwanamke pekee mwenye ofisi hapa Mbinga, wateja wakiingia wananiuliza, "Dada, wakili yupo?" Nikiwatazama waliosimama mbele kufundisha nilikuwa nasema moyoni, siku moja hapo nitasimama mimi, na nitawafundisha kitu ambacho hakuna hata mmoja wao anakijua.

Kitu hicho kilikuwa ntambo. Wewe umezaliwa mjini, ntambo unaijua kwa kwenda misibani. Kwetu ntambo ni ubavu wa mlima ulio kati ya vijito viwili, ukoo mmoja unaishi humo na kulima humo, na hakuna mtu anayejikatia kipande akakiuze. Bibi arusi akiletwa anaonyeshwa sehemu yake. Mume anafyeka majani na kuyalaza chini kwa mistari inayokatana. Mke anachimba katikati ya mistari, udongo anautupia juu ya majani, shimo baada ya shimo mpaka ubavu mzima uishe. Ndizo ngolo. Mvua ikinyesha maji yanatulia humo na udongo hauendi popote. Nimezichimba na mama yangu mpaka viganja vikafanya sugu, na nilipokwenda chuo cha sheria wenzangu walikuwa wakinishika mkono wananiuliza kama nilikuwa fundi mwashi. Na kila mtu kule alijua kwamba sehemu aliyoichimba mwanamke, mume akifa, inabaki kwake mpaka naye azikwe. Haikuandikwa mahali, kwa sababu hakuna aliyekuwa na shaka nayo.

Nikaandika pendekezo, nikalipeleka kwa kamati ya mafunzo ya chama cha mawakili. Lilikuwa zuri, Gaudensi, hata leo nasema lilikuwa zuri. Wakajibu kwamba mada ni ya kienyeji mno, wanachama wanataka vitu vya kutumia kazini. Nikalipunguza nikapeleka tena. Wakasema mtoa mada hana uzoefu. Nililia kwa hasira, nikamwambia baba yako sitaandika tena. Kisha mwaka uliofuata nikawapa walichotaka. Fomu ya ukurasa mmoja. Mtu amefariki, kikao cha ukoo kimekaa, wakili anajaza ardhi ya marehemu, mahakama inapata karatasi safi, msimamizi wa mirathi anateuliwa. Jina la mwenye shamba. Mipaka. Ukubwa. Sahihi ya mwenyekiti wa kikao. Haikupita wiki, wakanijibu kwa pongezi.

Jina la mwenye shamba, mstari mmoja. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na nafasi ya kuandika nani analima wapi, na nafasi ya mke aliyebaki. Ilifika kurasa tatu. Nikaona mawakili watachoka, wataniona wa kienyeji tena, nikaikata. Wewe jana umesema fomu ile ni nzuri kwa sababu ni fupi. Ni fupi kwa sababu niliwatoa watu humo.

Siku ya semina nilivaa suti ya kijivu ile uliyonikuta nayo pichani. Nilifundisha vizuri. Tulipofika kwenye maswali, akasimama wakili mmoja wa Lipingo, mtu wa ziwani, Mwanglikana mpole ambaye hata mahakamani alikuwa akizungumza kama anaomba maji.

"Dada," akasema, "nimeitazama fomu. Mke aliyekuwa analima, yeye anaandikwa wapi?"

Nilijua jibu. Nilikuwa na kurasa zake tatu nyumbani, kwenye droo. Lakini ukumbi ulikuwa umeshachoka, wahudumu wanapanga sahani nyuma, na mzee aliyeendesha kikao ananionyesha saa. Nikafanya kitu ambacho mtu wa Dar asingeweza kukifanya. Nikamtania.

"Ninyi watu wa ziwani," nikamwambia, "mnajua dagaa tu. Mlimani kwetu mke yumo ndani ya jina la mumewe."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Unajua utani wetu na watu wa ziwani ulivyo. Wakitutania tunacheka, tukiwatania wanacheka, na atakayenuna ndiye mwenye kosa. Yule bwana hakuwa na pa kupita. Angeng'ang'ania swali lake angeonekana hajui utani, mtu mzima ovyo. Akacheka na wenzake, akakaa. Wakapiga makofi. Nikaona kalamu zikiandika.

Wakati wa chakula alinifuata na sahani yake. "Dada, utani nimeupokea," akaniambia. "Swali langu je?" Nikamwambia tutazungumza. Hatukuzungumza. Nilikuja kusikia miaka ya baadaye kwamba fomu yangu hakuwahi kuitumia hata mara moja.

Wengine waliitumia. Waliipiga chapa, wakapeana, makarani wao wakaihifadhi kwenye kompyuta. Nilikuwa nikikutana nayo kwenye majalada ya watu nisiowajua, chini kuna jina langu kwa herufi ndogo, nikawa najisikia vizuri. Nakwambia ukweli. Nilijisikia vizuri kwa miaka mitatu.

Kisha akaja Eufrasia. Wewe unamwita mama mdogo na unajua kwamba alinyang'anywa shamba na shemeji yake. Ulikuwa kidato cha tatu, ulikasirika sana, ukasema utakuwa wakili umtetee. Hujui alinyang'anywa na nini. Mimi na Eufrasia tumechimba ngolo ubavu mmoja, yeye juu mimi chini, tukirushiana udongo na kugombezwa. Alikuja ofisini na mfuko wa rambo, ndani yake nakala ya karatasi. Akainyoosha mezani kwa kiganja.

Ilikuwa fomu yangu. Jina la mwenye shamba: jina la mumewe. Mipaka, kijito na kijito. Yaani ubavu wote aliouchimba kwa miaka ishirini na kitu ulikuwa mali ya marehemu, shemeji yake akawa msimamizi, akauza. Fotokopi ilikuwa imekata ukingo wa chini, jina langu halikuonekana.

"Nilimuuliza wakili wao," Eufrasia akasema. "Nikamwambia, baba, na mimi je? Akaniambia, mama, mke yumo ndani ya jina la mumewe, ndivyo tulivyofundishwa semina. Dada, wewe ni mtu wa sheria. Huyo mwalimu wao ni nani? Nataka nimwone."

Nikamwambia, "Simjui."

Simjui. Nilimwambia hivyo mtu niliyekula naye sahani moja. Halafu, kwa sababu mtu akishaanza kukimbia hasimami karibu, nikamwambia nina kesi nyingi, nikampeleka kwa wakili mwingine. Sikuwa na kesi nyingi. Niliogopa jalada likifunguliwa vizuri ikatokea nakala yenye jina langu chini. Yule wakili alizubaa, muda wa rufaa ukapita. Mnunuzi akaleta vibarua wakafukia ngolo zote, wakapiga matuta yanayoteremka na mlima, kwa sababu kwao ndivyo wanavyolima. Mvua za kwanza tu udongo ukaishia kijitoni. Nilikwenda kuona. Nilisimama ng'ambo nikaona ubavu umechubuka mpaka kwenye mawe, nikarudi nyumbani nikawapikia chakula.

Kinachonichoma ni kwamba sheria haikumnyima Eufrasia. Ardhi ya kijiji, haki ya mke, vifungu vyote nilivijua kwa moyo na nilikuwa nimevifanyia mtihani. Sheria ilikuwa na nafasi yake. Karatasi yangu ndiyo haikuwa nayo, na hakimu anaamua kwa kilicho mbele yake.

Nilijaribu kurekebisha, nisijipake matope kwamba nilikaa tu. Niliandika pendekezo jipya, semina ya kuifuta ile fomu. Wakajibu kwa lugha nzuri kwamba mada inaweza kupunguza imani ya wanachama katika mafunzo yaliyotangulia. Nikapiga simu. Ofisa mmoja akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Mama, nani atafunga safari aje kumsikiliza mtu anajiumbua?" Nikamtukana. Nikakata simu. Halafu nikatulia, Gaudensi, nikatulia miaka na miaka, kwa sababu sasa nilikuwa na mtu wa kumlaumu. Kila nilipomkumbuka Eufrasia nilikuwa nasema, mimi nilitaka, kamati ilikataa. Hasira ile ilinisaidia sana kulala. Ningeweza kuwaandikia wale mawakili mmoja mmoja, daftari la mahudhurio lipo. Ningeweza kumfuata yule bwana wa Lipingo. Ningeweza kumwambia Eufrasia.

Na katika ukimya huo ukakua wewe. Ukasoma sheria. Ukafungua droo yangu ukaona suti ya kijivu pichani na fomu iliyopigwa chapa vizuri, baba yako akakusimulia jinsi mama alivyowachekesha mawakili wa Songea, ukaona umeokota dhahabu. Kurasa zile tatu hukuziona, nilishazichoma. Mimi nilikuwa na ukumbi mmoja. Wewe semina yako ni ya mtandaoni, watakusikiliza kutoka Kagera mpaka Mtwara, na kila atakayebonyeza ataondoka na ile karatasi.

Sikuambii usifundishe. Una sauti nzuri na unajua kueleza, hilo hukulipata kwa baba yako. Ila nimekaa na mawakili miaka mingi, nikwambie wanavyosikiliza. Mahakamani ukisema neno, upande wa pili unalirukia hapo hapo. Kwenye semina hakuna upande wa pili. Watu wamekuja kuchuma pointi, wanataka waondoke na kitu mkononi, na ukiwapa sentensi inayopendeza masikio watalala nayo na kuamka nayo. Akitokea mmoja akakuuliza kitu wakati wote wanataka kwenda kula, basi huyo ndiye pekee aliyekusikiliza. Mimi wangu nilimwita mla dagaa.

Leo asubuhi niliwaambia naenda mahakamani. Nilichukua bodaboda mpaka Mpepai, kwa binti yake Eufrasia, anakoishi sasa. Nilimkuta uani anachambua maharage. Sikukaa. Nilijua nikikaa tutaanza habari za watoto. Nikamwambia nikiwa nimesimama kwamba yule mwalimu aliyemtafuta ni mimi, na maneno yale ni yangu, na siku ile ofisini nilimdanganya.

Hakuinua kichwa. Aliendelea kutoa mawe kwenye maharage, moja, jingine.

"Ulikuwa unajua?" akaniuliza. "Ulipowaambia vile, ulikuwa unajua kwamba si hivyo?"

"Nilikuwa najua."

"Na mikono hii ulikuwa unaijua."

"Nilikuwa naijua."

Nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza. "Usiniombe mimi. Mimi kwenye semina yenu sikuwepo. Nenda kawaambie wale wale uliowaambia, halafu ndiyo uje hapa tuone kama nina la kukusamehe." Binti yake akatoka na chai, Eufrasia akamwambia airudishe ndani. Kwetu unajua maana yake kumrudishia mgeni chai. Nikapanda bodaboda nikarudi.

Saa nane mchana nimeiandikia kamati. Nimesema kwamba fomu iliyoambatanishwa na pendekezo la Wakili Gaudensi ni yangu, ina kosa, kosa nililijua siku niliyoifundisha, na watu wamepoteza mashamba kwa ajili yake. Nimetaja semina na ukumbi. Nimeomba iondolewe, na kwamba barua yangu wasomewe wanachama wote. Nimewatumia na mawakili wa Songea ambao bado nina anwani zao. Nakala yako ipo, ila Litembo mtandao unasumbua, huenda hujaiona.

Najua nilichokufanyia. Wanaweza kukuondoa kwenye ratiba. Bosi wako mpya ameshatangaza kwamba kijana wake anafundisha nchi nzima, sasa utaripoti kazini ukiwa mtoto wa yule mama aliyeandika barua. Ungekuwa mdogo ningekudanganya kwamba nimefanya hivi kwa faida yako. Sikufanya kwa faida yako. Nimefanya kwa sababu nilichelewa mno kwa Eufrasia, na wewe ulikuwa unakwenda kunichelewesha zaidi bila kujua.

Wala sikukuuliza kwanza, na hapo una haki ya kunikasirikia. Ningekuuliza, ungesema, mama subiri, tuzungumze kwanza. Na mimi ningesubiri. Nimejipeleleza leo njia nzima kutoka Mpepai: nilikuwa natamani uniambie nisubiri.

Katibu wa kamati amenipigia kabla sijaanza kuandika. Ya barua hakuyagusa. Ameuliza tu kama kijana bado anafundisha. Nikamwambia akuulize mwenyewe. Atakupigia kesho ukiwa kwenye basi, na utakalomjibu ni lako, mimi sitapiga kuuliza umesema nini. Ukijitoa sitakulaumu. Ukifundisha, kamtafute kwanza yule bwana wa Lipingo, amestaafu lakini yupo, akuulize lile swali aliloniuliza mimi, na usimtanie.

Barua hii naiweka juu ya begi lako. Kesho stendi nitakuja mapema, nitasimama upande wa mlango wa basi. Kama utapita ukapanda bila kuniamkia, panda tu, mwanangu. Sitakuita.

Mama yako